Kahawia Ukutani kwa Msusi

Jumatatu, chakula cha mchana kikiwa kimeshapita, fundi wa maabara aliteremka kutoka ghorofa ya upasuaji na trei ya makopo, akaiweka juu ya meza ya vigae, kisha akafungua dirisha kabla hajagusa kifuniko hata kimoja. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatatu. Daktari wa darubini alivaa glavu, moja juu ya nyingine, akaomba kisu kirefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, na alifanya kazi peke yake katika idara hiyo kwa sababu mwenzake alistaafu na kiti chake hakikupata mtu.

Kopo la tatu lilikuwa na jina la mdogo wake.

Alijua kwamba linakuja. Yeye ndiye aliyemshika mkono mdogo wake siku ya kupigwa sindano, na yeye ndiye aliyetazama zile seli chache zilizotoka. Zilitosha kusema kwamba ni saratani ya titi, lakini hazikutosha kusema inakwenda kwa mwendo gani. Mwendo ulikuwa ujulikane kwa kipande hiki, na hapakuwa na mwingine wa kuusoma. Akafungua kifuniko, na ile harufu ikampanda puani, harufu ya nyama iliyongojeshwa.

Harufu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Profesa, mkuu wa upasuaji, hupasua matiti siku ya Ijumaa na hufundisha Jumatatu asubuhi. Kipande kikitiwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, mara tu kinapotoka mwilini hugeuka kijivu, na Profesa hataki wanafunzi wake wajifunze kijivu. Anataka waione saratani katika rangi yake, ile nyeupe yenye kung'ara kidogo katikati ya manjano ya mafuta, na waiguse wasikie ilivyo ngumu. Kwa hiyo vipande vya Ijumaa hulala kwenye bakuli la maji ya chumvi, dirishani mwa chumba cha mafunzo, mpaka darasa liishe. Hapo ndipo muuguzi huvitia dawa, fundi akaviteremsha.

Ubaya wake haukuwa siri kwa yeyote aliyesoma. Seli inayojigawa haina subira. Ikikosa dawa ya kuishika pale pale, humaliza shughuli yake au hufia njiani, na mtu wa darubini akija baada ya siku hizo anakuta mtaa mzima umelala, taa zimezimwa. Hata kile kipimo cha alama ya ukuaji huharibika. Maabara wanakiita kahawia, kwa sababu seli iliyo mbioni kuzaana hugeuka kahawia, na iliyotulia hubaki buluu. Kipande kilichongojeshwa hutoa kioo cha buluu, kizuri kukitazama, na uongo mtupu.

Vioo vya mdogo wake, vyenye vijipande vilivyokatwa kwa ajili ya darubini, vilikuwa tayari Jumatano. Daktari alivitazama asubuhi yote, mgongo ukamuuma.

Daraja la uvimbe hupangwa kwa mambo matatu: kama seli bado zinajipanga katika vijimirija jinsi titi lilivyozifundisha, kama viini vyake vimeharibika sura, na ni ngapi zimekutwa zikijigawa. Kila jambo hupewa alama, kuanzia moja hadi tatu. Vijimirija havikuwepo hata kimoja, akaandika tatu. Viini vilikuwa vikubwa, vimevimba upande mmoja, kila kimoja na sura yake mbaya, akaandika tatu tena. Kisha akaanza kutafuta zinazojigawa. Alipita kioo chote, akarudi, akabadilisha kioo. Seli zenye sura ya majambazi, zote zimelala usingizi wa watoto. Akaandika moja. Kahawia nayo ilitoa seli nne kwa mia.

Jumla ilikuwa saba, nayo saba ni daraja la pili. Kwa daraja hilo, na kahawia chini namna hiyo, jopo la madaktari humwandikia mgonjwa vidonge na kumtakia heri. Kwa daraja la tatu wangemwandikia dripu, dawa kali inayong'oa nywele na kumlaza mtu chali, lakini inayoufikia uvimbe unaokimbia kabla haujaingia kwenye mifupa. Kumpa vidonge peke yake mwenye saratani ya mbio ni kumuua polepole, kwa heshima. Daktari alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba mtu wa darubini huandika anachokiona, na yeye aliona saba. Akasaini kwa shingo upande.

Mdogo wake alipokea habari kwa vigelegele vya simuni. Alikuwa msusi, mwenye saluni katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yao, na hofu yake kubwa ilikuwa nywele. Siku ya pili alipiga tena.

"Dada, ukipata nafasi pitia kwangu," alisema. "Ukuta umeota madoa. Wateja wameshaanza kuyazoea."

Daktari alifika baada ya kazi, jua bado liko juu. Chumba cha saluni kilikuwa na viti viwili, kikaushio kimoja cha nywele, kioo kirefu, na ukuta wa nyuma uliopakwa chokaa nyeupe ili kichwa cha mteja kionekane vizuri. Ukuta huo ulikuwa umejaa madoa ya duara, kila moja kama punje ya dengu, mengine ya buluu iliyofifia na mengine ya kahawia. Mama yao alikuwa amepiga magoti, anasugua pembe ya chini kwa tambara na sabuni. Madoa yalitoka vizuri tu, yakabaki kwenye tambara, na kabla hajalikamua yalikuwa yamerudi ukutani.

"Karibu, mwanangu," alisema mama bila kuacha kusugua. "Ukuta ukichafuka unafutwa."

"Usilifute lile la juu ya kioo, mama," alidakia mteja aliyekuwa kitini, mwanamke mnene aliyekwisha kusukwa nusu kichwa. "Lile nalifuatilia. Tangu nikae hapa limezaa mara mbili, na huyu binti yako hata mistari sita hajamaliza."

"Kwani umekuja kusukwa au umekuja kuhesabu?" alisema msusi.

"Wewe suka. Macho ni yangu."

Daktari alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaligeuzia uso lile doa la juu ya kioo. Hakuhitaji kuambiwa. Kiini kilikuwa kimevimba upande mmoja, na sura hiyo alikuwa ameitazama asubuhi nzima ya Jumatano. Wakati akitazama, doa likanyooka, likajikusanya katikati kama mshipi uliokazwa, kisha pande mbili zikavutana, zikaachana. Yakawa madoa mawili. Jirani yake nalo likaanza. Alisimama, akachukua kopo la mafuta ya nywele, akaukandamiza mdomo wa kopo ukutani na kuhesabu yaliyokuwa ndani ya duara. Akasogeza, akahesabu tena, huku midomo ikimchezacheza. Karibu nusu yalikuwa ya kahawia. Yaliyokuwa yakijigawa aliyahesabu mpaka akazidiwa, maana yalikuwa yakiongezeka kwa kasi kuliko ulimi wake.

Yote aliyoyatafuta kwenye kioo cha darubini na kuyakosa yalikuwa hapa, chokaani, nyuma ya mgongo wa mteja. Alimwita mdogo wake kando.

"Msiupake rangi huu ukuta," alimwambia mdogo wake mlangoni. "Wala mama asiufute tena."

"Kwa nini? Ni unyevu tu."

"Tafadhali. Mpaka Alhamisi ijayo."

Jopo lilikuwa likae Alhamisi, na msusi hakuwa mjinga.

Asubuhi yake daktari alipanda kwa Profesa. Profesa ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Alimfundisha kushika kisu, alimsimamia mtihani wa mwisho, na siku ya harusi yake alikaa meza ya mbele akala kama mjomba. Bakuli lilikuwa dirishani, limeoshwa, limefunikwa bamba safi, linangoja vipande vipya.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mgonjwa wetu vipi?"

Akamweleza: alama saba, kahawia nne kwa mia, kisha ukuta. Profesa alisikiliza hali akipangusa miwani.

"Ukuta wenyewe wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Rangi ya mafuta au chokaa?"

"Chokaa."

"Afadhali. Ya mafuta inateleza. Mwaka juzi tulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, madoa yake yote yalimporomokea sakafuni, na sakafu ilikuwa nyekundu. Hatukupata hesabu yoyote."

"Yanatokea tangu mwaka juzi?"

"Tangu zamani. Mwingine humtokea kwenye dari, mwingine kwenye shuka. Nilidhani unajua, wewe si ndiye mtu wa seli?"

"Yule mwalimu yuko wapi sasa?"

"Alifariki," alisema Profesa, akavaa miwani. Sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Profesa, vipande vikitiwa fomalini Ijumaa, pale pale mezani, hatutahitaji ukuta wa mtu."

"Na wanafunzi waone nini? Picha?" Alitabasamu. "Unakumbuka siku yako ya kwanza mbele ya bakuli lile? Ulitokwa machozi. Ulisema sasa ndiyo nimeelewa ninapambana na nini. Maneno yako hayo, nimewasimulia wengi. Mimi nikivitia dawa, huyo daktari mwingine kama wewe nitampata wapi?"

Alikumbuka. Alikuwa amelia kweli, na alikuwa ameelewa kweli. Akajikuta anaangalia viatu vyake kama msichana wa mwaka wa kwanza, na hasira iliyompandisha ngazi ikaishia hapo.

"Ila kwa mdogo wako," Profesa aliendelea, "jopo litakwenda kuuona ukuta. Hilo niachie mimi."

Kwa hiyo Alhamisi jopo zima lilipanda gari la hospitali: Profesa, daktari wa dawa, ambaye ni mwanamke mfupi asiyecheka anayeamua nani apewe dripu, na wanafunzi watatu waliobahatika kupata nafasi. Dawa za dripu za awamu hiyo zilikuwa ziagizwe jioni ile. Ambaye jina lake lingekosekana angengoja awamu nyingine, na hakuna aliyeweza kusema ingekuwa lini. Daktari wa darubini alitangulia kuteremka ili awaandae wenyeji, akasukuma mlango wa saluni.

Ukuta ulikuwa wa kijani. Kijani kizito, cha milango ya ofisi, na bado kilikuwa kinang'aa kwa umajimaji. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake, brashi mkononi, matone usoni. Hakukuwa na mteja. Mama alikuwa ameketi pembeni, ameshika tama.

"Nilikwambia usiupake."

"Ukuta wangu."

"Jopo liko nje."

"Waambie warudi. Mimi nina daraja la pili." Msusi alisema hivyo kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Daraja la pili, vidonge. Nimeshawaambia watu wote. Mkono wako huo ndio uliosaini, dada, wala si wa mtu mwingine. Leo unataka wanipige dripu ninyonyoke kama kuku? Nani atakaa kwenye kiti cha msusi mwenye kipara?"

"Niliandika nilichokiona."

"Basi ulichokiona ndicho hicho."

"Nilichokiona kilikuwa kimeshaharibika."

Hilo halikuwa limepangwa kutoka. Likishatoka, lililobaki likafuata lenyewe. Daktari akamweleza habari ya bakuli, maji ya chumvi, dirisha na darasa la Jumatatu. Alieleza kwa maneno machache, kama anavyoandika majibu, na muda wote mdogo wake hakupepesa macho.

"Titi langu," alisema msusi mwishowe. "Siku zote hizo. Dirishani."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua wanafanya hivyo?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mwanafunzi."

Msusi aliiweka brashi chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho mwenyewe hakuwahi kukikalia. Nje, mlango wa gari ulifungwa, na Profesa akasikika akiwaambia wanafunzi wafute viatu.

"Kwa hiyo kwangu ndiyo umekuja mbio," alisema msusi polepole. "Umeleta na gari. Na wale wengine?"

Daktari aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, akasimama pale katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata.

Aliyetikisika alikuwa mama. Aliinuka, akafunga nguo kiunoni, akachukua ndoo na lile tambara lake la kila siku. "Nimesugua ukuta huu wiki nzima kwa sababu sikutaka kujua," alisema. "Sasa nimejua, na sitaki kuzika mtoto kwa ajili ya nywele. Sogeza kiti."

"Mama..."

"Sogeza kiti, nimesema."

Rangi ilikuwa mbichi bado. Ilishuka kwa michirizi, ikatapakaa sakafuni, ikampaka mama viwiko, na nyuma yake chokaa ikaanza kutokeza na madoa juu yake, yamebanana, yamepandana, ya kahawia yakiwa yameyasukuma ya buluu pembezoni. Msusi alitazama kipande kwa kipande kikifunuliwa. Mama alipofika nusu, msusi alichukua tambara la pili akamsaidia. Alisugua akilia, bila kujificha, na bila kuacha kusugua.

Jopo liliingia, likasalimia, likakwepa dimbwi la rangi. Daktari wa dawa alikaa kwenye kiti cha mteja, akaomba kopo la mafuta ya nywele, akahesabu kivyake. Mwanafunzi mmoja alihesabu kutoka upande wa kikaushio. Hesabu zilipishana kidogo, nao wakakubaliana wastani.

"Arobaini na nane kwa mia," alisema daktari wa dawa. "Na zinazojigawa ni alama tatu, hilo halina ubishi. Jumla tisa. Daraja la tatu." Akamgeukia msusi. "Utaanza dripu wiki ijayo. Una swali?"

"Nywele zitarudi?"

"Zitarudi."

Ndani ya faili aliandika, *kulingana na ukuta*, akapiga muhuri. Profesa, kwa upande wake, alikuwa ameokota kitana chenye mpini mrefu, anawaonyesha wanafunzi doa lililokuwa likijigawa karibu na swichi ya taa. "Tazameni rangi," alikuwa akiwaambia. "Hakuna kitabu kitakachowapa rangi hii."

Dripu zilimchapa msusi kweli kweli. Nywele zilimtoka zote, kucha zikawa nyeusi, akasuka wateja wake akiwa amekaa kwenye stuli na ndoo ya kutapikia karibu na mguu. Wateja hawakukimbia. Yule mnene alimwambia kwamba kichwa chake kitupu kinafaa kuwekwa dirishani kama tangazo, watu wapate kusema huyu ndiye mjuzi, nywele zote amezigawa kwa wenzake. Baada ya dripu ya tatu, madoa ya kahawia yalianza kugeuka buluu, moja moja, kuanzia pembe ya chini. Kisha yakapauka. Mama alilifuta la mwisho, na safari hii halikurudi.

Lakini swali alilouliza mdogo wake halikufutika. Daktari wa darubini alilala nalo na kuamka nalo. Ijumaa moja alibeba dumu la fomalini mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji, akasimama mlangoni akiwa amevaa kofia na buti, ameamua liwalo na liwe. Profesa alimpokea vizuri sana. Alimwambia dumu lisimame pale tu, halimsumbui mtu, kisha akakiweka kipande kwenye bakuli kama kawaida yake.

"Profesa, nakuomba," alisema daktari. "Si kwa ajili ya ndugu yangu safari hii."

"Lakini mwanangu, kuta si zipo?" alisema Profesa, akashangaa kwamba hilo halimtoshi. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufungua macho. Zamani tulikuwa tukipoteza hesabu. Sasa wanafunzi wanapata rangi na wagonjwa wanapata daraja. Nani anaumia?"

Dumu lilikaa pale. Wauguzi walilitumia kuzuia mlango usijifunge.

Mwezi huo hospitali ilibandika tangazo kwenye mbao zote za matangazo. Kila mgonjwa wa upasuaji wa titi aandae nyumbani kwake ukuta mmoja mweupe, wa chokaa, usiopungua upana wa kitanda. Rangi ya mafuta haikubaliki. Picha za simu hazikubaliki. Ukuta wa jirani haukubaliki isipokuwa kwa idhini. Watu walisoma, wakaenda kununua chokaa. Hakuna aliyeona ajabu, maana hospitali huagiza watu walete mengi: glavu, pamba, mashuka, damu. Ukuta nao ukaongezwa humo.

Ikawa ndiyo kazi ya daktari. Asubuhi kwenye darubini, mchana kwenye nyumba za watu, na kopo tupu la mafuta ya nywele kwenye mkoba. Alihesabu kwenye vyumba vya kulala, kwenye korido, nyuma ya makabati yaliyovutwa na wajukuu. Wengi aliwapata, akawaandikia inavyostahili, na kila aliporudi alijisikia nafuu kidogo. Nafuu hiyo hakuiamini.

Siku moja mgonjwa wa mwisho alikuwa mwanamke muuza kuni. Kwenye kioo, uvimbe wake ulikuwa na viini vibaya kuliko vyote daktari alivyoviona mwaka ule, na utulivu wa makaburini: tatu, tatu, moja. Kahawia, mbili kwa mia. Alikaa katika chumba kimoja cha mbao, na mbao zenyewe zilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa miaka ya jiko. Chokaa haikushika hapo. Alijaribu mara mbili, ikabanduka. Kwa hiyo alikuwa ameazima shuka jeupe, jipya, lenye mikunjo ya dukani, akalitundika ukutani kwa misumari minne, akalivuta likanyooka vizuri.

"Karibu, daktari," alisema, uso mzima umechanua. "Nimelikodolea macho tangu nitoke wodini. Hakuna kitu. Hata kimoja! Safi kama unavyoliona."

Daktari alikagua shuka kutoka pembe hadi pembe. Lilikuwa safi. Akaomba ruhusa, akang'oa misumari miwili ya upande mmoja, akaingiza mkono nyuma yake na kukiweka kiganja juu ya mbao. Mbao zilikuwa na uvuguvugu. Chini ya kiganja kitu kilijikusanya, kikakaza, kikaachana kuwa viwili, halafu kingine kando yake, na kingine, mpaka mkono mzima ukawa unatekenywa. Aliwasha tochi ya simu akachungulia. Aliona weusi mtupu. Alikwangua kwa ukucha, akaona weusi mwingine. Alikaa hapo, bega limeegemea ukuta, akijaribu kuhesabu kwa ngozi, akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Jopo lilikuwa limeshakataa hesabu ya mkono. Alikuwa ameshawauliza.

"Vipi?" aliuliza muuza kuni. "Kuna tatizo?"

"Mama, huna mahali pengine peupe? Kwa ndugu, kwa mtoto?"

"Mimi hapa ndipo kwangu, daktari. Kwani hapa pana ubaya gani? Si umeona mwenyewe ni safi?"

Daktari alisema kwamba atawaomba tena jopo, kwamba yeye binafsi ana wasiwasi, kwamba asichoke kurudi kliniki. Muuza kuni aliitikia kila neno kwa adabu, kama mtu anayeaga mgeni. Kisha daktari akatoa kalamu. Akatafuta nafasi ya daraja, akaandika pili, kwa sababu ndicho kilichoweza kuonekana, akasaini.

"Mungu ni mkubwa," alisema muuza kuni. Alipanda juu ya gogo, akang'oa misumari miwili iliyobaki, akalikung'uta shuka na kulikunja kwa uangalifu kwa kufuata mikunjo ile ile ya dukani.

"Unaelekea barabarani, daktari? Basi nisaidie, umpitishie yule dada wa kibanda cha soda. Tumeazimana. Na yeye anapasuliwa Ijumaa."

Daktari akalipokea.